Juge wa Nyimbo wa Kadutu

Wale waliomuumiza nitawataja kwa majina. Yeye mwenyewe sitamtaja. Jina lake liliitwa siku moja kwa sauti kubwa kwenye mlango wa gereza, na aliniambia kwamba tangu siku ile halitaki tena. Sisi wote wa Kadutu, mtaa wa watu weusi wa Bukavu, tulimwita Juge, yaani hakimu, na hilo linatosha.

Mimi sikusoma sana. Masista walinifundisha kuandika, kushona na kuogopa, kisha nikaolewa. Kwa hiyo nitasema vile nilivyoona, na anayejua zaidi anyamaze kwanza.

Juge hakuwa hakimu wa serikali. Alikuwa boy wa pasi huko Muhumba, mtaa wa wazungu, katika nyumba ya Mbelgiji ambaye ndiye alikuwa hakimu wa kweli. Alipiga pasi joho jeusi la yule mzungu, na kola yake nyeupe, na wakati pasi inatembea masikio yake yalikuwa yanatembea pia. Maboyi wengine wa Muhumba walirudi Kadutu jioni na mikate iliyobaki mezani. Yeye alirudi na maneno. Shahidi, kiapo, mutetezi, hukumu, rufaa. Aliyabeba kama mayai, asivunje hata moja.

Maneno hayo aliyaleta katika kiwanja changu. Nilikuwa nauza kasiksi, pombe ya ndizi, na mume wangu, dereva wa lori la chai, alikuwa na fono, mashine ya muziki ya kukaza kwa mkono. Jumapili baada ya misa ya pili watu walikuja kusikiliza sahani, yaani santuri, na penye sahani na pombe pana ubishi. Huyu anasema hakuna mwanamuziki kama Alpho wa Léo, mji mkuu, yule wa gitaa la umeme na suti nyeupe. Mwingine anasema Alpho ni mutoto, mukubwa ni Pilipili wa Katanga anayepiga gitaa kavu kwa vidole viwili tu. Walitukanana mpaka vikombe vikaruka. Siku moja Juge, ambaye alikuwa amekaa pembeni na shati lake lililonyooka kama ubao, akasimama. Alisimama tu, akavuta shati chini, akangoja. Mmoja akasimama, na mwingine, mpaka kiwanja chote kikawa wima, hata walevi.

"Sasa mukae," akasema. "Muko nabishana kama mbuzi. Tutafanya tribunal, mahakama kamili."

Tangu siku ile ikawa desturi. Juge akisimama, wote tunasimama. Akikaa, tunakaa. Kila mwanamuziki alikuwa na mutetezi wake, na shahidi aliapa akiweka mkono juu ya sahani iliyotulia. Na aliyeshindwa hakulipa kitu. Adhabu yake ilikuwa moja: kucheza wimbo wa yule aliyempinga, peke yake, katikati ya kiwanja, mbele ya wanawake, mpaka sindano ifike mwisho. Wanaume wazima waliomba msamaha kwa adhabu hiyo.

Vijana wa leo wanabishana kwenye redio ni nani alikuwa mukubwa kuliko wote, na wanahesabu sahani na mavazi. Juge hakuhesabu. Mutetezi akianza kusema sauti ya Alpho ni tamu, alimkata palepale.

"Utamu iko wa sukari, bwana. Miye nauliza, huyu mutu alibadilisha nini kwetu? Kabla ya wimbo wake tulikuwa aje, na nyuma yake tuko aje? Lete shahidi."

Ndiyo mashahidi wakaletwa. Kinyozi aliapa kwamba tangu Alpho aonekane kwenye picha, hakuna kijana wa Kadutu anayekubali kichwa bila mustari. Mama mmoja akaleta mapacha aliowapa majina kutoka kwenye wimbo, na mume wake akasimama kusema yeye hakuulizwa. Wanaume waliorudi kutoka dhahabu ya Kamituga walisema wimbo wa Pilipili ndio uliowafundisha kumwangalia kapita, msimamizi wao, usoni. Juge akawauliza, "Mulimwangalia, halafu?" Wakasema, "Halafu akatupiga, Papa Juge." Kiwanja kikacheka. Yeye hakucheka. "Lakini mulimwangalia," akasema. "Mahakama imesikia."

Msifikiri alikuwa mutakatifu. Alikuwa na roho ngumu. Siku moja mjane alikuja kutoa ushahidi kwamba wimbo fulani ulimsaidia kulia, maana alikuwa ameshindwa kulia tangu mazishi, na Juge akamuuliza mbele ya watu wote kama alimpenda marehemu. Yule mama aliondoka bila kumaliza kikombe. Nilimfuata Juge jikoni, nikamwambia, "Papa Juge, leo umefanya ubaya." Akajibu, "Shahidi anaulizwa, Mama Nsimire." Kesho yake nikasikia amechukua kanga zote za yule mjane, akamrudishia zimepigwa pasi. Hakuomba msamaha kwa mdomo hata siku moja. Aliomba kwa makaa ya pasi.

Hakunywa pombe. Nilimpa kikombe, akanusa, akakirudisha. Hakucheza pia, alisema hakimu akitikisa kiuno nani atamuogopa. Sahani za Wakuba, wale wa kisiwa cha ng'ambo ya bahari, alizikataa kabisa kwa sababu hatuelewi wanasema nini, "na mutu hawezi kubadilishwa na kitu hasikii." Lakini nilimkuta nyumbani kwake mbele ya rundo la mashati, na wimbo wa Wakuba unamtoka puani, pasi inakwenda na kurudi sawasawa na ngoma. Aliponiona akakohoa.

Sasa nifike kwa mudogo wake.

Juge alikuwa na mudogo wake wa tumbo moja, mupiga gitaa. Kijana mwembamba, mwenye haya, aliimba Kiswahili na Mashi, lugha ya kwetu, vikichanganyika. Kuna mwaka wazungu walipita na lori la kukamata sauti, wakamkuta kwenye harusi katika kijiji cha Kasha, wakamwambia imba. Akaimba wimbo mmoja. Walituma sahani chache, kisha hatukuona tena lori wala wazungu. Kijana mwenyewe alienda kutafuta kazi Kamituga, na mlima ukamfunika ndani ya shimo la dhahabu. Hawakurudisha hata gitaa.

Wimbo wake ulikuwa wa mutoto anayeondoka. Anamwambia mama yake: kula, usiningoje, sahani yangu mupe jirani. Ni hivyo tu. Lakini Kadutu yote iliubeba. Kijana akipanda lori kwenda migodini, watu wa nyumba yake walisimama barabarani wakauimba mpaka lori lipotee. Mama yangu mzazi, ambaye hakuwahi kusimama mbele ya fono, aliuimba siku kaka yangu alipoondoka. Hakuna aliyetuagiza. Tulifanya tu, kama vile tunavyofunga kitambaa kichwani kwenye msiba.

Sahani zilipasuka moja baada ya moja, maana vitu vile vilikuwa kama vyungu. Zikabaki mbili, na zote mbili Juge alizileta kwangu, kwa sababu yeye hakuwa na fono. Nilizilaza ndani ya sanduku chini ya kitanda, katikati ya mablanketi.

Watu walimwambia mara nyingi, "Papa Juge, mbona mudogo wako hasimamishwi? Tumulinganishe na Alpho!" Akakataa. Hakimu hawezi kuhukumu damu yake, hayo aliyasikia Muhumba na aliyashika kama amri ya Mungu. Alisema, "Ile kesi haiko yangu." Lakini uso wake ulibadilika kila tulipoitaja. Mimi nilijua alichokuwa anaogopa. Alikuwa anaogopa kwamba watu waliompenda mudogo wake watakufa au watahama, sahani zitapasuka, na hakuna hukumu yoyote itakayobaki kusema kwamba yule kijana alipita hapa akafanya kitu.

Kwa hiyo wanawake tukaamua. Jumapili moja, kabla hajasimama, nikasimama mimi.

"Papa Juge, leo toka kwenye kiti. Muzee Katekista atakaa. Weye leo iko shahidi."

"Nani ameamua hivyo?"

"Tribunal."

"Tribunal ni nani?"

"Ni siye tuko nakunywa. Weye uko nanusa tu."

Watu wakacheka, na kwa mara ya kwanza nikamuona Juge hajui aweke mikono wapi. Akatoka kwenye kiti. Katekista wa parokia, muzee mmoja mpole asiyesikia vizuri jambo lolote isipokuwa kengele, akakaa.

Upande wa Alpho alisimama Anselme Lushule. Huyu ndiye wa kwanza ninayemtaja. Karani wa ofisi ya territoire, yaani ya wilaya, tai shingoni hata kwenye joto, mfukoni kadi ya évolué, ile ya mweusi ambaye wazungu wamekubali kwamba amestaarabika, na mkono unaigusa kila baada ya neno la tatu kuona kama bado ipo. Alisema vizuri, siwezi kudanganya. Alisema Alpho ametufundisha kuvaa, kutembea, kusema Lingala, kujua kwamba mutu mweusi anaweza kusimama kwenye taa na wazungu wakalipa kumuona. Alisema Alpho anasikika toka Léo mpaka ng'ambo ya bahari, na huyu maskini wa Kasha hasikiki hata Bagira hapa jirani.

Sisi hatukuwa na maneno hayo. Tukaleta mama zetu. Mmoja baada ya mwingine waliweka mkono juu ya sahani, wakasema: mutoto wangu alienda mwezi fulani, niliuimba. Wangu hakurudi, niliuimba tena. Mama mmoja alisema, "Zamani nilikuwa naficha chakula chake mpaka kinaoza. Sasa namupa jirani, vile wimbo ulisema." Juge alipofika zamu yake hakuapa. Alisema tu, "Alikuwa mudogo wangu. Alikuwa anaogopa giza." Akarudi kukaa.

Katekista aliuliza watu. Walisimama wote upande wetu, hata wale wa mustari kichwani.

"Karani Anselme," akasema, "utacheza."

Nikaweka sahani. Anselme akabaki amesimama kama mti wa kanisa. Wanawake wakaanza kupiga makofi, "Karani! Karani! Legeza tai!" Mama mmoja mnene wa Mwenga akaenda kumzungukia, akimuonyesha namna ya kutikisa bega. Anselme akasema kwa Kifaransa kitu ambacho hatukuelewa, akatoka. Tulicheka mpaka machozi. Ninakumbuka nilivyocheka. Juge peke yake alisema, "Mulipashwa kumuacha acheze nyumbani kwake. Mutu wa ofisi hachekwi hivi."

Wakati ule Léo ilikuwa imeshawaka moto wa watu wanaodai uhuru, wazungu wa Bukavu walikuwa wanalala na bunduki, na mikutano ilikuwa imekatazwa. Sisi tulisema kusikiliza sahani si mukutano. Anselme akaenda kwa mkubwa wake akasema kinyume. Akasema Kadutu kuna tribunal, kuna hakimu asiyewekwa na serikali, watu wanaapa, wanahukumiwa, na yeye mwenyewe alihukumiwa. Hakusema ni hukumu ya kucheza. Hilo alilimeza.

Jumapili iliyofuata alikuja commissaire, mkubwa wa polisi, mzungu tuliyemwita Bwana Matalatala kwa sababu ya miwani yake. Alikuja na askari na sergent wao, Bokungu. Waliingia katikati ya ubishi. Hakuna aliyesimama, si kwa kiburi, tulikuwa tumeshikwa na mshangao na vikombe mkononi. Matalatala akatuangalia, tumekaa. Ndipo Juge, mutu wa adabu za Muhumba, akasimama ili amsalimie mukubwa inavyopasa. Na sisi, kwa desturi yetu, wote tukasimama.

Nyinyi mnaosoma muone jambo hilo jinsi lilivyoonekana kwa yule mzungu. Yeye na bunduki zake, watu wamekaa. Mutu mweusi mwenye shati safi anainuka, kiwanja chote kinainuka naye.

"Nani mukubwa hapa?" akauliza Bokungu.

Na sisi, wapumbavu, tukajibu kwa furaha, wengi kwa sauti moja: "Ni Juge!" Tulifikiri tunamtetea. Tulifikiri akijua huyu ni mutu wa heshima atamuheshimu.

Walivunja mitungi yangu kwa buti, kasiksi ikateremka njiani. Waliingia ndani, wakavuta sanduku. Juge alipoona Bokungu ameshika zile sahani mbili alisema, "Sergent, pole pole, tafazali. Hizo hazina mwenzake." Nimewaambia alikuwa mutu wa adabu. Bokungu akamuangalia, akazipiga zote mbili kwenye ukingo wa mlango. Halafu Matalatala akasema kitu, na Bokungu akampiga Juge kofi la mikono miwili, masikio yote kwa pamoja, namna walivyofundishwa. Mara ya kwanza, Juge akabaki wima. Bokungu akarudia mpaka akaanguka. Nilisikia mlio wa mikono ile nikiwa nimefungwa kwenye lori lao, maana mwenye kiwanja pia walimkamata, na bado ninausikia.

Mimi nilikaa gerezani mpaka mume wangu alipokwenda kunililia kwa wakubwa wake wa chai. Juge walimuacha muda mrefu zaidi. Alipotoka, damu ilikuwa imekauka kwenye mashimo ya masikio na hakusikia kitu. Wala jina lake likiitwa mlangoni, wala pasi ikianguka, wala mutoto akilia. Yule hakimu mzungu wa Muhumba hakumrudisha kazini. Alisema boy asiyesikia kengele hafai. Yeye pia ninamtia humu, ingawa jina lake sikulijua na hakumpiga mutu.

Siku ya uhuru nilimuona Juge barabarani, watu wanaruka, magari yanapiga honi, wanawake wamevaa majani, muziki unatoka kila dirisha. Alisimama katikati na shati lake lililonyooka, anaangalia midomo ya watu. Alinishika mkono akapiga kelele, maana hakujua tena sauti yake ni kubwa kiasi gani: "Wanaimba nini? Mama Nsimire, wanaimba nini?" Nilimwambia. Hakuelewa. Nikafungua kinywa zaidi, akaangalia meno yangu kama mutu anayechungulia kisima. Baadaye akahama na mke wake, wakaenda Kavumu kwa wakwe.

Na Anselme Lushule? Anselme alipanda cheo. Nyumba ya Muhumba anayo, gari alipata, na miaka hii wanamuita kwenye redio kueleza muziki wa zamani. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema yeye alikuwa wa kwanza kutetea nyimbo za Kivu wakati wa Wabelgiji, na kwamba kulikuwa na kijana mmoja wa Kasha, mzuri sana, bahati mbaya hakuna sahani iliyobaki. Bahati mbaya! Nilizima redio, nikakaa gizani. Bokungu alikufa kwenye vita vya mwanzo baada ya uhuru, sikumlilia. Matalatala alirudi kwao na miwani yake.

Nilikutana na Juge mara moja ya mwisho. Nilikuwa nimeenda Kavumu kununua ndizi za pombe, maana nilirudia kazi yangu baada ya kuzika mume na watoto wawili. Nikamkuta kando ya barabara ya Goma, chini ya bati, meza mbele yake, anawapigia pasi askari wa uwanja wa ndege. Nywele zote nyeupe. Alinijua kabla sijafika.

"Mama Nsimire! Umenenepa!"

Alisema kwa sauti ya kuita ng'ambo ya ziwa. Vijana waliokuwa wanangoja gari wakageuka, wakacheka. Nikakaa kwenye jiwe. Tuliongea kwa mikono na midomo. Aliniuliza kama Kadutu wangali wanabishana. Nikatikisa kichwa ndiyo. Akauliza kama wanamtaja Alpho. Ndiyo. Pilipili? Kidogo. Kisha akaweka pasi juu ya kipande cha bati, akafuta mikono, akaniangalia mdomo.

"Na mudogo wangu?"

Nilishika vazi langu nikalikunjua nikalikunja.

"Hata wakimusahau," akasema, "iko hapa." Akagonga paji la uso. "Nyimbo zote zilienda. Za Alpho, za Wakuba, hata za kanisa. Ule wake peke yake ndio ulibaki. Ninausikia kila siku, safi, na gitaa yake. Ngoja."

Akavuta shati chini, akaimba.

Maneno yalikuwa ya mudogo wake. Mama, kula, usiningoje, sahani yangu mupe jirani. Yote yalikuwepo. Lakini tuni iliyoyabeba haikuwa ile. Ilikuwa ya Alpho. Ule wimbo wa Alpho ambao kila baa ya Bukavu iliupiga mwaka ule, ule wa suti nyeupe, na maneno ya marehemu yamepanda juu yake kama abiria kwenye lori la mutu mwingine. Huko ndani ya kimya chake, mwaka baada ya mwaka, wimbo mmoja ulikuwa umemeza mwingine, na hakuna sikio lililobaki la kumwambia.

Vijana wakautambua. "Ah, muzee iko naimba Alpho!" Mmoja akaanza kupiga kidumu cha mafuta, mwingine akadaka kiitikio cha Léo, wakaanza kuzunguka meza wakitikisa mabega. Juge aliwaona. Hakusikia walichoimba, aliona tu midomo inafunguka na miguu inakwenda. Uso wake ukafunguka namna sijawahi kuuona, hata siku ile Katekista alipotoa hukumu.

"Unaona?" akanipigia kelele, machozi yanashuka mpaka kwenye kola. "Unaona, Mama Nsimire? Wanaujua! Watoto wa Kavumu wanaujua!"

Nikapiga makofi. Nilipiga makofi mpaka gari lilipokuja.

Toka Kavumu nilikaa juu ya mikungu ya ndizi, vidole ndani ya masikio, nikitafuta ule wenyewe, ule mama yangu aliouimba barabarani. Nilijua mimi ni mmoja wa wachache tuliobaki wa kuukumbuka. Nilianza na neno la kwanza, pole pole, kama mutu anayebeba maji bila kumwaga. Kila nilipofika kwenye "usiningoje", Alpho alinipokea.